Jina Ambalo Mama Hakusahau

Somo la wiki: Utatu Mtakatifu katika imani na katika maisha ya kila siku
Soma kwanza: Mathayo 3:13–17; Mathayo 28:18–20; Yohana 17; Warumi 8:14–27; Waefeso 2:18



Somo hili lilianza na swali ambalo nililijibu vibaya. Tulikuwa kwenye ushirika wa nyumbani kule Kimbo, Ruiru, Jumatano jioni. Chai ilikuwa imeshamiminwa na mimi nilikuwa najiandaa kufunga kwa maombi. Dada mmoja ambaye ameokoka juzi juzi akainua mkono. Akasema, "Pasta, dada yangu anabatiza mtoto wake huko Thika, kwa kanisa lao la Katoliki. Ameniomba niende. Nimekataa, lakini usingizi umenipotea. Niambie ukweli. Mama yangu na dada yangu wanaabudu Mungu mwingine?"

Chumba chote kikanyamaza. Si unajua vile mambo yalivyo hapa kwetu: karibu nusu ya watu waliokaa pale wametoka kwa nyumba za Kikatoliki. Hata mimi.

Nikamjibu haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Nikasema wale wana dini lakini hawana uhai, na ile ishara ya msalaba ni desturi ya mkono tu. Kijana mmoja akauliza, "Lakini si wao pia huamini Utatu?" Hapo nikatoa mfano wangu niliokuwa nikiupenda sana. Mnajua nilisomea biashara chuo kikuu. Nikasema Mungu ni kama kampuni moja yenye wakurugenzi watatu: Baba anapanga, Mwana anatekeleza, Roho Mtakatifu anasimamia shughuli za kila siku. Watu wakasema Amina. Yule dada hakusema Amina. Na kwa ubatizo hakuenda.

Leo naandika kusahihisha jibu lile. Nilikosea kuhusu watu wa nyumbani kwake, na nilikosea zaidi kuhusu Mungu.

MKONO WA MAMA

Mimi nimezaliwa na kulelewa Thika. Mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwa mashamba ya kahawa, na sala zake alizijua kwa Kiswahili, kwa sababu wafanyakazi pale walitoka kila pembe ya nchi na hicho ndicho kilikuwa kinawaunganisha. Alipoamka aligusa paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Kabla ya chakula vivyo hivyo. Matatu ikipita mbele ya kanisa, vivyo hivyo. Nikienda kufanya mtihani, alinifanyia mimi kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

Nikaokoka nikiwa chuoni, nikarudi nyumbani likizo nikiwa moto. Siku ya kwanza mezani, Mama akaanza, "Kwa jina la Baba..." Nikamkatiza. Nikamwambia hayo ni matendo mafu, Mungu hatafuti mikono, anatafuta moyo. Mama hakubishana. Alimaliza ishara yake, akanipakulia chakula. Lakini kutoka siku hiyo, kila nikienda nyumbani, alikuwa anaombea chakula chake jikoni peke yake, kisha anakuja kukaa nasi. Ilikuwa hivyo miaka kumi na miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilihesabu huo kama ushindi.

Mwaka jana Mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote na maneno yakaisha. Alikuwa ananitazama akijua mimi ni nani, lakini jina langu halitoki. Niliomba pale kitandani vile tunavyoomba sisi: kwa jina la Yesu, kwa lugha, kwa machozi. Siionei aibu maombi hayo, na nitaomba hivyo tena.

Jioni ya siku ya tisa nikamwona anahangaika. Anatumia mkono wa kushoto kuuinua wa kulia, unaanguka. Anauinua tena, unaanguka. Muuguzi akadhani anataka blanketi. Mimi nilijua anachotaka, na kusema ukweli, kwa muda kidogo sikusonga. Halafu nikaushika ule mkono. Nikaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Na Mama, ambaye siku tisa hakuwa amesema neno la kueleweka, akasema pole pole, ulimi ukiwa mzito: "Kwa jina la Baba. Na la Mwana. Na la Roho Mtakatifu."

Daktari alinieleza baadaye kwamba mambo kama hayo huonekana. Maneno ambayo mtu ameyarudia tangu utotoni, kama sala na nyimbo, yanaweza kubaki hata mazungumzo ya kawaida yakipotea. Mimi sibishani na daktari. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikijiuliza: kile nilichokiita desturi ya mkono tu ndicho kimebaki wakati vingine vyote vimeondoka. Na hicho kilichobaki ni nini? Ni jina la Mungu, lote, bila kosa hata moja. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimewaambia watu ni kampuni.

MIFANO NILIYOITUPA

Turudi kwa Neno, tuone kosa langu lilikuwa wapi.

Kampuni yenye wakurugenzi watatu ni watu watatu waliokubaliana. Kila mmoja ana theluthi ya hisa. Mmoja akijiuzulu, wawili wanaendelea. Ukimfundisha mtu Mungu namna hiyo, umemfundisha miungu watatu wanaofanya mikutano. Kumbukumbu la Torati 6:4 haikubali: Bwana ni mmoja. Baba si theluthi ya Mungu. Baba ni Mungu kamili, Mwana ni Mungu kamili, Roho Mtakatifu ni Mungu kamili, na bado Mungu ni mmoja. Angalia pia Mathayo 28:19. Yesu hakutuma wanafunzi wabatize kwa majina. Alisema jina, moja, halafu akataja watatu.

Kuna mfano mwingine tunaupenda: mimi ni baba kwa watoto wangu, mume kwa mke wangu, na mchungaji kwenu, lakini ni mtu mmoja. Au maji, barafu na mvuke. Huu nao unaanguka upande wa pili. Unamfanya Mungu awe mtu mmoja anayebadilisha koti. Soma Mathayo 3:16–17. Mwana anapanda kutoka maji ya Yordani, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inatoka mbinguni. Wote watatu kwa wakati mmoja. Na kule Gethsemane, Yesu hakuwa anajiomba mwenyewe.

Kosa la tatu ni la zamani zaidi. Padre mmoja wa Alexandria, Misri, aliyeitwa Arius, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Kwa lugha ya ofisini, alimfanya Yesu mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa: mkubwa kuliko wengine wote, lakini bado mwajiriwa. Maaskofu walikutana Nikea, katika nchi tunayoiita leo Uturuki, mwaka 325, wakakataa. Mwaka 381 kule Konstantinopoli wakakamilisha ungamo lile, wakaeleza zaidi kuhusu Roho Mtakatifu. Hilo ndilo ungamo ambalo Wakatoliki hulisema kwenye Misa, ile sala wanayoiita Nasadiki.

Mtu anaweza kusema, "Pasta, hayo ni mambo ya wazungu na vikao vyao." Hapana. Athanasius, aliyepigania ukweli huu mpaka akafukuzwa mjini kwake mara tano, alikuwa askofu wa Alexandria. Hoja yake ilikuwa ya wokovu kabisa: ikiwa Yesu ni kiumbe, hawezi kutuokoa, maana kiumbe hakiwezi kumpa mwingine uhai wa Mungu. Tertullian, ambaye ndiye mwandishi wa kwanza tunayemjua kutumia neno Utatu kwa Kilatini, alikuwa mtu wa Karthago, huko Tunisia, yapata mwaka 200. Na mjue kwamba Tertullian huyo baadaye alitetea kundi lililosisitiza karama ya unabii. Augustino wa Hippo, Algeria ya leo, aliandika vitabu 15 kuhusu Utatu. Neno lenyewe halimo kwenye Biblia, ni kweli. Lakini waliotusaidia kulipata ni watu wa bara hili, wakijaribu kusema kwa uaminifu kile Biblia inaonyesha.

Na sisi Wapentekoste tusijione kama tulizaliwa tukijua. Miaka michache tu baada ya uamsho wa Azusa, wahubiri wetu waligawanyika Marekani juu ya jambo hili hili: tubatize kwa jina la Yesu peke yake, au kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu? Mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God liliandika msimamo wake likashikilia Utatu, na wahubiri wengi wakaondoka. Kanisa letu limesimama upande wa Utatu. Kwa hivyo, mpendwa, katika jambo hili linalobeba mengine yote, sisi na mama yangu tunakiri kitu kimoja.

NANI ALILETA JINA HILI HAPA KWETU

Nikapata hamu ya kujua Mama alifundishwa na nani. Imani ya Kikatoliki katika sehemu hizi ililetwa na shirika la mapadre ambao jina lao ni Shirika la Roho Mtakatifu. Ndiyo, Roho Mtakatifu! Shirika hilo lilianzishwa Paris, Ufaransa, siku ya Pentekoste mwaka 1703, na kijana wa miaka 24 aliyeitwa Claude Poullart des Places, aliyekuwa ameacha mambo ya sheria ili awe padre, na akawa anawahudumia wanafunzi maskini. Watu wake walifika Bagamoyo mwaka 1868, Nairobi mwaka 1899, na kutoka hapo wakaingia Ukikuyuni. Shule ya Mang'u, hapo tu karibu na Thika, iliitwa zamani kwa jina la Roho Mtakatifu kwa sababu ni wao walioianzisha. Wengine wetu tumepita hapo kwa matatu maisha yetu yote bila kujua.

Jambo lingine lilinishangaza zaidi. Mwaka 1967, kule Pittsburgh, Marekani, kikundi cha wanafunzi na walimu Wakatoliki walienda mafungo ya maombi. Walikuwa wamesoma Matendo ya Mitume, na baadhi yao walikuwa wamesoma kitabu cha David Wilkerson, mhubiri wa Kipentekoste. Roho Mtakatifu akawashukia, wakanena kwa lugha. Hapo ndipo vuguvugu la Karismatiki la Wakatoliki lilianza, na leo liko mpaka parokia za hapa kwetu. Chuo chao kilikuwa Duquesne, na walioanzisha chuo hicho ni mapadre hao hao wa Roho Mtakatifu.

Sasa mimi ni nani niseme Roho hawajui watu hao?

WANAVYOLIISHI

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaweka fumbo la Utatu katikati ya imani yote. Wakisema fumbo hawamaanishi hesabu isiyo na jibu. Wanamaanisha ukweli ambao Mungu ametufunulia na ambao hatutaumaliza, kama vile humalizi kumjua mtu unayempenda. Wana hata Jumapili maalumu ya Utatu, inayofuata Pentekoste, ambayo kanisa lao zima la Magharibi limeiadhimisha tangu mwaka 1334.

Lakini Mama hakusoma katekisimu. Yeye alilijua jina hilo kwa kuliishi. Alibatizwa ndani yake. Misa yake inaanza nalo na inaisha kwa baraka ya jina hilo hilo. Rozari yake, kila akimaliza fungu moja, anamtukuza Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Akiwa na furaha analitaja, akiwa na hofu analitaja. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku, kisha zidisha kwa miaka sabini.

Tena kuna jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya 1970 kwamba kanisa lazima liishi mtaani, kwenye vikundi vidogo vya majirani. Wanasema Mungu mwenyewe ni ushirika, kwa hivyo wanaomwabudu lazima waishi kwa ushirika. Mimi nilidhani ni maneno mazuri tu ya vitabuni. Mama aliporudi nyumbani Makongeni, kina mama wa jumuiya yake walikuja kila Alhamisi. Hawakuja na vitenge vya sherehe. Walikuja wakamwogesha, wakafua, wakamnywesha uji kwa kijiko, wakasali, wakaenda. Mmoja wao mwenyewe anatembea kwa fimbo.

Watu wetu wa Ruiru walinitumia mchango kwa M-Pesa, na nawashukuru, dawa zilinunuliwa na pesa hiyo. Jumbe za WhatsApp zilikuwa nyingi, Mungu awabariki. Lakini waliopanda gari kuja Thika wakakaa na Mama walikuwa wawili. Silaumu. Hata mimi nimetuma emoji ya mikono ya maombi mahali nilipaswa kwenda kwa miguu.

SASA TUJIPIME

Sisemi tuwe Wakatoliki. Kuhusu Mariamu na watakatifu, kuhusu Papa, kuhusu ubatizo wa watoto wachanga, mafundisho ya kanisa letu yako pale pale na mchungaji kiongozi ameyafundisha vizuri. Tofauti hizo ni za kweli na hatuzifichi. Ninachosema ni kwamba tunaweza kumshutumu jirani kwa kutaja jina bila moyo, na sisi tukawa na moyo lakini tumesahau sehemu ya jina.

Sikiza maombi yetu kwenye kesha. Nimeyasikiza kwa makini miezi hii. Tunasema, "Baba, asante kwa kuwa ulikufa msalabani." Wapendwa, Baba hakufa msalabani. Alimtoa Mwana. Ni mapenzi gani hayo, kumtoa Mwana? Tukichanganya hapo, tunapoteza zawadi yenyewe. Tena tunamwita Roho Mtakatifu kama vile mtu anavyoita stima irudi: "Nguvu! Nguvu!" Lakini Roho si stima. Yeye ni Bwana, anahuzunika, anafundisha, anatuombea. Na wengi wetu hatuzungumzi na Baba kabisa, labda kwa sababu baba tuliowajua hapa duniani walituumiza au hawakuwepo. Mtu kama huyo anahitaji Utatu kuliko chakula. Yohana 17:24 inasema Baba alimpenda Mwana kabla ulimwengu haujawekwa. Ina maana kabla ya baba yako kukuacha, kabla ya baba yeyote kuwepo, kulikuwa na Baba ambaye hajawahi kumwacha Mwanawe, na Roho anakuingiza wewe ndani ya upendo huo huo.

Chukua mambo matatu nyumbani.

Kwanza, omba kwa mpango wa Waefeso 2:18. Tunamkaribia Baba, kupitia Mwana, katika Roho mmoja. Wiki hii, kabla hujafungua mdomo, tulia kidogo ukumbuke: naenda kwa nani, nani amenifungulia mlango, nani ananishika mkono. Hata ukiwa umesimama stejini Ruiru saa kumi na moja asubuhi.

Pili, angalia pesa na mali. Yohana 17:10: kila kilicho cha Mwana ni cha Baba, na cha Baba ni cha Mwana. Mimi nilifundishwa biashara kwamba ukitoa, mizania yako inapungua. Kwa Mungu, Baba anampa Mwana vyote na hapungukiwi kitu. Sasa, wewe na mke wako mnafichana hata salio la simu. Ndugu wawili wa tumbo moja hawaongei kwa ajili ya ploti ya hamsini kwa mia. Chama kinavunjika kwa sababu mweka hazina hataki daftari liangaliwe. Halafu Jumapili tunabarikiwa kwa jina la Mungu ambaye hakuna mmoja anayemficha mwingine. Mahali fulani lazima jina hilo liingie mpaka kwenye daftari.

Tatu, usikae peke yako, na usimwache mtu peke yake. Ruiru yetu imejaa bedsita. Mtu anaweza kuugua mlango wa tatu kutoka kwako, ukamjua kwa harufu ya chakula chake tu. 1 Yohana 4:8 inasema Mungu ni upendo. Haisemi alianza kupenda alipotuumba. Hajawahi kuwa mpweke. Augustino aliliona hivi: mahali penye upendo pana anayependa, anayependwa, na upendo wenyewe. Tumeumbwa kwa mfano wa Mungu huyo. Kwa hivyo ile milango tunayoifunga na kufuli mbili, pengine tunafungia nje mfano wetu wenyewe.

KITANDANI KWA MAMA

Nataka nirudi kwa ile jioni ya siku ya tisa, kwa sababu hapo ndipo fundisho hili lilinifungukia.

Soma Warumi 8:26. Paulo anasema hatujui kuomba ipasavyo, na Roho hutusaidia katika udhaifu wetu, akituombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi nikimaanisha kunena kwa lugha. Mbele yangu sasa alikuwa amelala mwanamke asiye na neno lolote. Hawezi kuomba. Na andiko likaniambia: Roho anaomba ndani yake. Mstari wa 34 ukaniambia: Mwana yuko mkono wa kuume wa Mungu, anamwombea. Na mstari wa 27 ukaniambia: Baba, achunguzaye mioyo, anajua nia ya Roho. Mama yangu alikuwa kimya, lakini maombi yalikuwa yanaendelea. Mungu ndani yake alikuwa anaomba, Mungu upande wake alikuwa anamtetea, na Mungu juu yake alikuwa anasikia. Mungu mmoja.

Kama Mungu angekuwa kampuni, pale kitandani Mama angekuwa mteja aliyeshindwa kujaza fomu. Lakini alikuwa mtoto aliyeshikwa pande zote.

Hivyo ndivyo ningemjibu yule dada wa Kimbo. Hapana, mama yako na dada yako hawaabudu Mungu mwingine. Ikiwa kuna mtu kwao anataja jina hilo kwa mdomo tu, basi ana shida ile ile iliyo kwa wengi wetu tunaopiga kelele, na dawa ni moja: kumjua yule unayemtaja. Mtoto yule alimwagiwa maji kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Unaweza kusimama nyuma, ukaomba kwa moyo wako wote mtoto akue amwamini mwenyewe yule ambaye jina lake lilitajwa juu yake, na hutakuwa umemkana Kristo.

Nilimpigia simu nikamwambia hayo, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, lakini ubatizo ulishapita." Ni kweli. Hilo siwezi kulirudisha. Alienda Thika Jumapili iliyofuata na blanketi la mtoto. Dada yake alimfungulia mlango, ingawa mazungumzo bado yanakwenda pole pole. Mwombeeni, na mwombeeni na dada yake.

Mimi Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, naenda Makongeni. Mama sasa ana maneno machache, na jina langu limerudi. Chakula kikiletwa, anakaa mezani, haendi jikoni tena. Anaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nami namsaidia uliobaki. Halafu mimi naomba vile ninavyoomba. Sijaanza kujifanyia ishara, na yeye hajaanza kunena kwa lugha. Tunamaliza kwa jina moja, tunasema Amina pamoja, na chakula kinaliwa kikiwa bado moto.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Unapoomba, ni nani kati ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ambaye humtaji sana? Unafikiri ni kwa nini?
2. Mfano gani wa Utatu ulifundishwa ukiwa mtoto? Ukiupima kwa Mathayo 3:16–17, unasimama au unaanguka?
3. Je, kuna mtu wa nyumbani kwenu ambaye umeacha kuomba naye kwa sababu ya dhehebu? Unaweza kufanya nini wiki hii, bila kuficha imani yako?
4. Taja jirani mmoja ambaye ushirika huu unaweza kumtembelea kwa miguu, si kwa simu.

OMBI

Baba, asante kwa kumtoa Mwana wako. Bwana Yesu, asante kwa kufa na kufufuka kwa ajili yetu na kutufungulia njia. Roho Mtakatifu, asante kwa kuomba ndani yetu hata tukikosa maneno. Tusamehe tulipotumia jina lako kuwafungia mlango watu wa nyumbani kwetu. Tufundishe kuliishi jina hilo mezani, kazini na mtaani. Amina.